Muhuri wa Getini

Kompyuta mbili zikitaka kukubaliana saa kwa PTP, itifaki iliyotoka 2002 kama IEEE 1588, hutumiana pakiti na kulinganisha muda wa kuondoka na wa kufika. Hesabu yenyewe si ngumu. Shida ni nani aligonga muhuri wa muda, na aliugongea wapi.

Kadi nzuri ya mtandao ina saa yake, kwa hivyo hugonga muhuri pakiti ikipita mlangoni. Kadi isiyo na saa huiachia kerneli ya Linux, na huko kuna foleni. Prosesa ikiwa na shughuli, pakiti itangoja. Ingekuwa inangoja muda uleule kila mara, ungeutoa tu mambo yaishe. Lakini sasa hivi ni maikrosekunde chache, baadaye kidogo ni nyingi.

Foleni hiyo naijua. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, karo imekwama, nilipeleka barua ya kuahirisha masomo Alhamisi, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho. Askari wa geti aliandika jina langu na saa kwenye kitabu chake. Ofisini barua ikalala kwenye trei hadi Jumatatu, ndipo ikagongwa muhuri. Nilipolalamika niliambiwa ati kitabu cha geti si rekodi ya chuo. Sikurudi tena.

Siku hizi naandika miongozo ya kompyuta kwa vibarua. Juzi mteja mmoja alikuwa na mashine mbili, moja ya kurekodi sauti na nyingine picha, na kodi yangu ya nyumba ilitegemea zikubaliane. Nikamwambia aandike ethtool -T na jina la kadi. Mashine ya pili, mstari wa PTP Hardware Clock ukasoma "none". Yaani hamna. Akauliza kama kuna draiva ya kupakua. Kuna kadi zenye saa ambazo draiva huzificha, so tukakagua hilo kwanza. Yake haikuwa nayo kabisa, na hakuna programu inayoweza kuongeza saa ambayo kiwanda hakikuweka. Akanunua Intel i210, akaichomeka, /dev/ptp0 ikatokea.

Jioni akapiga tena: saa ya kadi iko mbele kwa sekunde 37, ameuziwa mbovu?

Si mbovu. PTP kwa kawaida huhesabu kwa TAI, saa ya atomiki isiyoongezewa sekunde, na UTC iko nyuma yake kwa sekunde 37 tangu 2017. phc2sys ikianzishwa na -w huiuliza ptp4l tofauti hiyo, kisha huitoa yenyewe. Nilimtumia mstari huo saa mbili na dakika kumi usiku. Simu yangu iliandika 20:10.