Hesabu ya Ng'ombe

Mfipa akifika Dar es Salaam hujifunza mapema kucheka kabla hajachekwa. Ukitaja Sumbawanga, mmoja atasogeza kiti, mwingine atakuuliza nauli ya ungo, wa tatu atakuomba umpelekee radi mtu anayemdai. Nilipokuwa chuoni nikisomea mifugo, mkufunzi wetu alitueleza habari za Mmarekani William Graham Sumner, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1906 aliandika juu ya tabia ya watu kuliweka kundi lao katikati ya dunia na kuwapima wengine wote kwa kipimo cha kwao. Nilinakili maelezo yale kwa furaha ya mtu aliyepata wakili. Washitakiwa niliwajua: wale wa ungo na radi.

Nikapangiwa kazi mkoani kwetu Rukwa, ila si huku juu ambako mwezi Juni watu hushinda na makoti. Nilipelekwa bondeni, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kwenye joto, mpunga na ng'ombe. Wasukuma walikuwa wengi huko. Walianza kuteremka na mifugo yao miongo kadhaa nyuma, hasa miaka ya 1970 na 1980, wakitafuta malisho. Sisi Wafipa tulikuwa na maneno yetu juu yao: hawasikii, wanaongea kwa kelele, wavivu wa jembe, waongo.

Hilo la uvivu lina asili yake. Kwetu mtu hupimwa kwa intumba, yale matuta ya mviringo ambamo nyasi hufukiwa mwishoni mwa mvua ili zioze, na msimu unaofuata udongo husambazwa na kupandwa ulezi. Ni kazi ya kuvunja mgongo, nasi tunajivunia. Ukizoea kipimo hicho, mwanamume anayeshinda nyuma ya ng'ombe na fimbo unamwona anatembea tu. Hukumbuki kwamba ng'ombe hao hawana Jumapili.

La uongo nililithibitisha mwenyewe kwa daftari. Nilihitaji idadi ya mifugo ili niombe chanjo ya homa ya mapafu. Namuuliza mzee ambaye zizi lake linaonekana toka barabarani: una ng'ombe wangapi? "Wachache tu." Wangapi? "Wa maziwa ya watoto." Huku juu ukimuuliza mtu magunia aliyovuna atakutajia, na mawili ataongeza.

Aliyenifungua macho ni mmoja wa wazee hao. Simtaji, kwa kuwa hapendi kuandikwa, iwe yeye au ng'ombe wake. Usiku mmoja alinifuata, dume lake limejaa gesi tumboni. Lilipopona tulikaa nje, na bila hasira akaniambia, "Mwanangu, wewe unaanza na hesabu. Hujaniuliza hata mimi ni mtoto wa nani."

Kisha akanieleza. Baba yake alifuga Maswa enzi za Mwingereza, wakati wa ule Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947. Mifugo ilihesabiwa, na baada ya kuhesabiwa watu wakalazimishwa kuipunguza. Mwaka 2006 ndugu zake walikuwa miongoni mwa wafugaji waliotolewa Ihefu, kule Usangu. Huko nako, alisema, watu wa madaftari walitangulia. Kwa hiyo "wachache tu" lilikuwa jibu la adabu kwa swali ambalo kwao halina adabu hata kidogo. Mimi nililisikia kwa masikio ya mkulima wa magunia.

Zamu yake ikafika. Aliniuliza, kwa heshima zote, kama habari za ungo ni za kweli. Nilicheka, yeye hakucheka. Akakiri kwamba kwenye mikutano ya kijiji wake zake hawajawahi kugusa chakula chetu. Sisi tulikwisha kusema ni maringo ya watu wenye mali! Miaka yote ile wali ulirudi jikoni, na kila upande una maelezo yake kamili, bila mtu mmoja kumuuliza mwenzake.

Nikamuuliza nami habari za vikongwe wa Shinyanga waliouawa kwa sababu ya macho mekundu. Alinyamaza kidogo. Akasema kuni zimekwisha kule, mama anapikia kinyesi cha ng'ombe kikavu tangu aolewe, moshi wote unamwishia usoni. Macho yawe ya rangi gani? Basi nikamsimulia ya kwetu: wasaka wachawi walioitwa Kamcape, waliopita vijiji vya Ufipa mwaka 1963 na 1964, na Mwingereza Roy Willis, mtafiti wa mila aliyekuwapo, akaandika habari zao. Wafipa tulitiliana shaka sisi kwa sisi, ndugu na ndugu, jirani na jirani. Hakuna aliyepaa. Mzee akatikisa kichwa: "Kumbe na nyinyi mnaogopa."

Sikutarajia kwamba kauli hiyo ingeniondolea uchungu niliotoka nao Dar es Salaam, lakini iliuondoa. Tangu siku hiyo nimeisikia upya hata hadithi yetu ya Milansi, ufalme wa kale wa Ufipa, tuliyosimuliwa utotoni: wanawake watatu wageni walifika mfalme akiwa hayupo, wakapewa kiti, na uzao wao ndio watawala wa ukoo wa Twa wa falme za Nkansi na Lyangalile. Sisi wenyewe, basi, ni nchi iliyotawaliwa na uzao wa wapita njia.

Kazini mambo mengine ni mepesi siku hizi. Nikifika bomani nasalimia, nataja baba yangu, nauliza maji na magonjwa. Idadi siulizi. Siku ya chanjo ng'ombe hupita mmoja mmoja, na dozi zilizotumika ndizo hesabu yangu. Mwenye mali hajatamka kitu.

Ardhi haikuongezeka kwa sababu sisi wawili tulielewana, na anayedhani migogoro ya bonde hili ni ya mila tu hajaona mpunga ukiliwa. Msimu huu ng'ombe wa mzee yuleyule wameingia shambani kwa mjomba wangu, wamemaliza nusu ekari. Tumeshakaa vikao viwili kwa mwenyekiti wa kijiji. Mjomba anataka magunia sita, mzee anasema shamba lile halijawahi kutoa zaidi ya manne, na wote wawili wananitaka mimi nipige hesabu.