Nilizipima Saa Saba Mchana

Mama mmoja wa Mwello, upande wa Tororo, aliniita nimhamishie meni swichi kutoka chumbani hadi sebuleni. Nyaya zake zilikuwa zimekaa zaidi ya miaka 20 chini ya mabati yasiyo na dari, na alikwisha kuweka pesa ya rola jipya la waya kutoka Busia. Nikapanda ngazi saa saba mchana. Nikakunja waya mmoja kwa vidole, ukapinda kama utambi. Nikashuka upesi, maana kule juu ni tanuri.

"Mama, hizi bado nzima. Pesa yako weka."

Akaniombea baraka.

Na si kwamba sikujua. PVC ya waya ni plastiki ileile ya paipu ngumu za maji, ila kiwandani huchanganywa na mafuta ya kuilainisha. Ganda la kawaida huhimili nyuzi joto 70, lakini joto la mabati, pamoja na la stima yenyewe, huyakausha mafuta hayo mwaka baada ya mwaka. Ganda lililokauka bado hupinda likiwa na joto. Likipoa, huvunjika. Chuoni tulionywa kwamba huko kwenye barafu kebo za PVC hazikunjwi kwenye baridi kali. Nilicheka: Tororo kuna barafu gani?

Kesho yake nilianza saa kumi na mbili asubuhi, mvua ya usiku haijakatika. Nikazivuta zile nyaya ndani ya paipu ya chuma. Kwenye kona nikasikia: ta, ta. Nilisikia vizuri kabisa. Nikajiambia ni kutu. Ningechomoa mmoja tu niutazame, lakini saa nne nilikuwa na kazi nyingine Malaba.

Jioni mama akagusa boksi la swichi. Stima ikamrusha, akaangukia mkono. Waya wa ardhi haukuwepo. Hilo nalo nililiona nikanyamaza. Nilipozichomoa zile nyaya, ganda lilikuwa limepasuka kila palipokunjwa, shaba nje.

Rola jipya nililinunua mimi. Mama alisema neno moja tu: "Mwanangu, si ulisema nzima?"

Siku hizi nyaya za zamani nazikagua alfajiri kabla jua halijapiga mabati, na hata zikipinda vizuri nazipima kwa mita ndipo niseme. Nawe mwenye nyumba, fundi akikupimia kwa vidole saa saba mchana, mwambie arudi asubuhi.