Safari yetu ya Ujiji: tulitafuta kitabu cha mji

Wakati wa mapumziko ya Pasaka tulisafiri watu kumi na mmoja, wanafunzi tisa na walimu wawili, mpaka Ujiji ng'ambo ya ziwa, kuona nyumba ambamo historia ya mji ule imewekwa. Tangu turudi wenzetu wanatuuliza, "Mulienda kufanya nini kule? Mulituletea nini?" Ndiyo sababu tunaandika.

Neno lenyewe lilianzia darasani. Profesa wetu wa historia alitupa kazi: kila mmoja aandike ukurasa mmoja juu ya mji wa Uvira na asili yake. Tukakimbilia biblioteki. Wafalme wa Ufaransa tuliwakuta wote, na vita vyao vyote. Juu ya Uvira tulikuta mistari minne. Mmoja wetu aliandika, "Uvira ni mji ulio kando ya ziwa," akaishia hapo. Profesa hakukasirika. Alisema, "Basi twende tuone mji mwingine wa ziwa hilihili umefanya namna gani."

Tulishuka milima ya Lemera asubuhi, tukapita bonde la Rusizi juu ya kamiyoni ya mihogo, na kule Kalundu tukapanda boti. Usiku mawimbi yalitupiga sana. Wale waliojisifu kwamba maji hawayaogopi ndio waliotapika wa kwanza. Majina yao tunayaficha kwa upendo. Lakini kwa neema ya Mungu tulifika Kigoma salama, na toka pale Ujiji si mbali.

Zamani Ujiji ilikuwa mji mkubwa kuliko Kigoma. Misafara ya pwani ilimalizia njia pale, na Waarabu na Waswahili walijenga wakafanya biashara ya pembe na, kwa huzuni, ya watu. Gari-moshi lilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara ikahamia huko, na Ujiji ikabaki na miembe yake na kumbukumbu zake.

Nyumba ya makumbusho iko mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Mwembe wa siku ile ulikwisha kufa, lakini miembe iliyotokana nao ingali na kivuli. Kuna jiwe la ukumbusho, na ndani kuna sanamu mbili kubwa kama watu kamili, zikisalimiana. Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza, maana mzee aliyetuongoza alisema jambo la kutushangaza.

"Wanangu," alisema, "jiwe linasema tarehe 10 Novemba 1871. Lakini wenye elimu wanabishana, kwa sababu wasafiri hawa walipoteza hesabu ya siku njiani. Na katika daftari la Stanley mwenyewe, kurasa za siku ile zimeng'olewa."

Profesa akaongeza kwamba karatasi za Stanley zinatunzwa Ubelgiji, katika makumbusho ya Tervuren. Basi tulijifunza la kwanza: karatasi nayo hupotea. Hata jambo lililojulikana dunia nzima linaweza kukosa ukurasa wake.

Ndipo dada mmoja kati yetu akauliza, "Baba, na sisi watu wa Uvira, humu tuko wapi?"

Mzee alitutoa nje, akanyosha mkono upande wa kaskazini. Alisema kwamba baada ya kuonana, Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi mwezi uleule wa Novemba, wakaenda mpaka mwisho wa ziwa, kwetu kabisa, kwa ajili ya neno moja: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, labda maji ya Tanganyika yanakwenda kuzaa Nili. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigombana juu ya neno hilo. Wale wawili walifika, wakaona kwa macho yao: Rusizi inaingia.

Profesa alimaliza habari hiyo tulipokuwa njiani kurudi. Miaka 13 mbele ya Stanley, mwaka 1858, Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira. Hawakuweza kufika kwenye mto, lakini wana watatu wa mwami wa Uvira waliwaambia wazi: Rusizi inaingia ziwani. Burton aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Hata hivyo ubishi uliendelea Ulaya mpaka Wazungu wengine walipokuja kujionea. Wale vijana watatu walisema kweli, na majina yao hatukuyapata.

Kule Uvira tulilala kwa mzee mmoja wa kanisa. Tulipomsimulia alicheka mpaka machozi. "Walikuja mara mbili kuuliza muto unaenda wapi? Si wangeuliza hata mutoto anayechota maji!" Kisha akaanza mwenyewe: nani walikaa kwanza Kalundu, mito ya Uvira iliitwaje, soko la kwanza lilikuwa wapi. Vyeti vyake na daftari zake hana tena. Zilikwenda na maji mwezi wa 4 mwaka 2020, Mulongwe ilipojaa ikabeba nyumba nyingi. Vyote vimebaki kichwani. Tuliandika kurasa mbili, akachoka, akasema, "Mutarudi kesho, tutaendelea."

Kesho yake kamiyoni iliondoka alfajiri. Tungeweza kubaki siku moja. Tulitaka kufika nyumbani, tukaenda.

Mwezi uliofuata tulisikia mzee amepooza. Wawili wetu walishuka kumwona. Anajua watu, anashika mkono, lakini ulimi haufanyi kazi. Waliweka daftari mbele yake, akaweka kidole mahali maandishi yalipoishia, akawatazama. Hatuna la kujitetea.

Wapenzi, tufikiri juu ya Lemera yetu. Jina lake limo katika vitabu vya dunia kwa ajili ya mwezi wa 10 mwaka 1996: tarehe 6 hospitali ilishambuliwa, watu zaidi ya 30 wakauawa, na mwezi uleule yakafuata yale yaliyoitwa Mapatano ya Lemera, yaliyounda AFDL. Daktari Denis Mukwege, aliyefanya kazi hapa, alisimulia mauaji hayo alipopokea zawadi ya Nobeli kule Oslo mwaka 2018. Ni vema yasisahauliwe. Lakini je, ndiyo yote? Nani walichonga mawe ya kanisa? Akina mama gani walibeba mchanga wa hospitali toka mtoni? Nani alifundisha darasa la kwanza? Yasipoandikwa na sisi, mgeni atakuja, ataandika alichokuja kutafuta, kisha atarudi kwake.

Kwa hiyo tunaomba. Katika likizo kubwa kila mwanafunzi amkalie mzee mmoja, baba au mama, amuulize habari za kijiji chake, aandike jina la msemaji, mahali na tarehe. Prefe amekubali kutupa sanduku moja katika biblioteki. Kila ukurasa tutaunakili mara mbili, mmoja ukae shuleni na mwingine kwa mchungaji, kwa maana tumekwisha kujua moto na maji.

Yoshua aliamuru mawe kumi na mawili yatolewe mtoni, ili watoto watakapouliza, wazazi wawe na la kujibu. Sisi nasi tuna mto. Na mzee akisema "mutarudi kesho," ndugu, iacheni kamiyoni iende.