Disketi Tulizitunza, Viendeshi Tukavitupa

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mchapaji katika ofisi moja ya Dar es Salaam, na kompyuta zetu hazikuwa na diski ya ndani. Kila kitu kilikaa kwenye disketi laini za inchi 5.25. Unaingiza ya DOS, mashine ikishaamka unaitoa, unaweka ya WordStar, na barua unazihifadhi kwenye nyingine. Disketi moja ilibeba KB 360, nasi tuliona ni ghala.

Zikaja ngumu za inchi 3.5, MB 1.44, zinazoingia mfukoni mwa shati. Mwaka 1998 Apple wakatoa iMac isiyo na mlango wa disketi, kisha flashi zikaenea, na mwaka 2011 Sony wakaacha kuuza disketi. Ofisi zikabeba kompyuta kuukuu na kuzipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Huko ndiko nilikoanza kuokota viendeshi, yaani vifaa vya kusomea disketi, kwa mapenzi tu. Mlio wa kichwa kikitafuta njia yake ulikuwa mlio wa ujana wangu.

Mapenzi hayo yaligeuka kazi watu walipoanza kuniletea disketi zao: tasnifu, kumbukumbu za vikao vya kanisa, mashairi ya marehemu baba. Walikuwa na maandishi bila cha kuyasomea.

Kwanza natazama ukungu. Unyevu wa pwani huuotesha juu ya utando wa sumaku, na ukiizungusha disketi hivyo hivyo, uchafu hunasa kwenye kichwa na kukwangua disketi inayofuata. Kichwa nakisafisha kwa pamba na spiriti. Halafu nachagua kiendeshi, na hapa wengi huharibu. Kwa disketi za inchi 5.25, kiendeshi cha MB 1.2 kina njia 80, cha zamani cha KB 360 kina 40. Hicho cha njia 80 husoma disketi ya zamani vizuri, lakini kikiandika juu yake huacha mstari mwembamba ndani ya ule mpana, na kiendeshi cha zamani hukuta maandishi mapya na mabaki ya yale ya kale kwa pamoja, kikashindwa. Kwa hiyo disketi ya mtu siiandiki kamwe: naziba pengo la ubavuni kwa karatasi ya gundi ndipo naiingiza. Zilizochoka sana nazisoma kwa kadi ya Greaseweazle, ambayo hunakili mageuko ya sumaku yenyewe, kazi ya kuyafumbua ikafanywa baadaye na programu.

Kiendeshi cha inchi 3.5 cha kuchomeka USB bado kinapatikana madukani. Cha 5.25 hakitengenezwi tena, na kila kinachoyeyushwa hakina mbadala. Ndugu msomaji, kama kabatini kwenu kuna disketi, zipeleke zikasomwe mwaka huu; na kabla ya kuuza kompyuta kuukuu kwa kilo, ng'oa kwanza kiendeshi chake ukitunze.