Kusikia Si Kuona

Wahenga walinena kusikia si kuona, nami nimeamini. Wapenzi wasomaji, mimi nimelelewa na kanda za taarabu za marehemu babu: Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin wa Lamu, fundi wa udi, aliyefariki 2016. Kuwaona jukwaani sikujaaliwa.

Likizo ya Desemba jirani yetu hapa Kibokoni aliozesha, kikaletwa kikundi cha taarabu. Nyanya hakuwa amekwenda harusini tangu babu atutoke. Nilimbembeleza weee, mpaka akavaa buibui.

Mwimbaji alipoanza wimbo wa Bhalo, moyo ulinienda mbio. Mara ubeti wa tatu ukamponyoka, akanyamaza. Lo! Kumbe nyanya keshasimama, noti mkononi, anakwenda kumtuza. Akauimba ule ubeti mzima! Kina mama wakampokea kwa vigelegele, na mwimbaji akaendelea.

Kanda haisahau, lakini pia haimhitaji mtu. Usiku ule nilimwona nyanya akihitajiwa. Njiani akaniambia, "Mjukuu wangu, kesho nikufunze beti zote. Mimi si wa milele."

Mpaka leo nimehifadhi nyimbo nne.