Pima Maiki Kabla ya Kununua Ploti

Wasee wangu wa Thika Road, leo hakuna kichekesho. Wa kucheka mtarudi Ijumaa. Leo tuongee pesa, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe ndio mtu asiseme nawahubiria.

Kila wiki kuna mtu ananiandikia: "MC, tupe siri. Wewe unasimama mbele ya watu mia tano bila kutetemeka. Huo ujasiri ukiuingiza kwenye biashara, si utakuwa tajiri?" Hilo swali hunichoma, kwa sababu nilijaribu hivyo. Ujasiri wa jukwaani niliuingiza kwenye biashara mzima mzima, na ukanipeleka pabaya, mimi na watu wengine wawili ambao hawakuwa na makosa.

Kwa wageni hapa: mimi ni MC wa harusi na ruracio, na zile video fupi mnazozipitisha kwa magrupu ya familia. Nilizaliwa Makongeni, Thika, siku hizi nakaa Kimbo, Ruiru. Mama yangu anauza nyanya na vitunguu soko la Jamhuri tangu nikiwa shule ya msingi. Maisha yangu yote yako kwenye hii barabara moja.

Na hii barabara ndiyo ilianza mambo. Superhighway ilifunguliwa rasmi Novemba 2012, na tangu hapo mashamba kibao ya kahawa na ya kawaida kutoka Ruiru, Juja mpaka ng'ambo ya Thika yamekatwakatwa ploti za hamsini kwa mia. Ukipanda 237 ukae dirishani, utasoma mabango ya ploti mpaka ushuke. Sasa, muuza ploti ana shida moja: watu hawamjui. Anatafuta sura ambayo watu tayari wanaiamini. Hapo ndipo sisi watumbuizaji tunaingia.

Mwaka wa 2022 jamaa fulani walinipigia. Sitawataja, na msianze kukisia kwenye komenti. Walitaka video moja nikiwa kwenye shamba lao, njia ya Garissa, nikichekesha huku nikitaja bei. Malipo shilingi 30,000. Nikafika, nikakuta bikoni zimepigwa rangi nyeupe, hema limewekwa, soda baridi, na seveya amevaa kofia. Nikachekesha. Hata mimi nikajisikia vizuri, nikaona hii ndio ile nafasi wanaosema huja mara moja. Badala ya kubeba hizo 30,000, nikawaambia waziweke kama sehemu ya ploti yangu, nikaongeza 120,000 za akiba. Jumla 150,000. Nikarudi Kimbo nikijiita mwekezaji.

Video ilitazamwa sana. Mama akaionyesha wenzake wa chama pale sokoni. Wawili wakaamini. Mmoja anauza viazi, mwingine mitumba ya watoto. Kila mmoja akalipa amana ya 80,000. Hawakuwaamini wenye shamba, hata hawakuwajua. Waliniamini mimi. Mama wa viazi aliniambia siku hiyo: "Kijana yetu, ukisema ni nzuri, basi ni nzuri."

Miezi mitano baadaye mzee mmoja alifika shambani na hatimiliki yenye jina lake. Ofisi tuliyolipia ilikuwa imefungwa, simu hazishikwi. Tukaenda polisi tukaandikisha taarifa, tukapewa namba. Hiyo namba bado ninayo. Pesa sina.

Usiku huo nilikaa nikajiuliza swali moja ambalo ndilo limenifanya niandike hii posti. Mimi huwa nafika harusini saa mbili asubuhi wakati shoo inaanza saa nne. Napima maiki. Moja, mbili. Moja, mbili. Nakagua waya, nauliza stima inatoka wapi, naangalia kama kuna jenereta. Namuuliza msimamizi majina ya wazazi wa pande zote mbili, nani amefariki, nani hawaongeleshani, ndio nisichekeshe mahali pa kidonda. Kwa kazi ya 20,000 nafanya uchunguzi wa masaa mawili. Kwa ploti ya 150,000 nilikunywa soda.

Sachi ya ardhi ingenimaliza na hadithi yote. Ni ile karatasi rasmi ya ofisi ya ardhi: unatoa namba ya hatimiliki, unalipa ada ndogo, unaonyeshwa jina la mwenye shamba, ukubwa wake, na kama kuna mkopo wa benki au zuio limewekwa juu yake. Thika kuna ofisi ya ardhi. Nimepita nje ya ile ofisi mara ngapi nikienda kununua suti? Nilipokuja kufanya hiyo sachi, tayari nikiwa nimelia, ilisema kitu kimoja kwa ufupi: waliotuuzia hawakuwa wenyewe.

Kwa hivyo mtu akiniuliza mtumbuizaji ana akili gani ya kufaulu kwa biashara, mimi simwambii ujasiri. Ujasiri ni ile dakika watu wanakuona. Kinachofanya shoo iende ni yale masaa mawili ambayo hakuna mtu amefika bado. Hiyo ndiyo sehemu ya kubeba kwenda kwa biashara, na ndiyo sehemu tunaiacha pale jukwaani na waya zikikunjwa.

Makofi nayo yana sumu. Mtu anayepigiwa makofi kila Jumamosi anaanza kufikiri kila kitu anachogusa kitapigiwa makofi. Lakini shamba halijui wewe ni nani. Shamba linajua jina lililo kwenye rejista.

Sasa niwape mfano wa mtu wa huku kwetu, maana si lazima mnisikize mimi niliyeanguka. Wazazi wenu wanamjua John De'Mathew, mzaliwa wa Gatanga, hapo tu juu ya Thika. Alifariki tarehe 18 Agosti 2019 kwa ajali ya barabarani karibu na Blue Post, akiwa na miaka 52. Jioni hiyo alikuwa ametoka kwenye harambee ya mwanamuziki mwenzake. Watu wengi walimlilia kwa nyimbo zake za Kikuyu. Mimi, baada ya yaliyonipata, kuna kitu kingine kinachonifanya nimfikirie: alikuwa mwenyekiti wa Tamco, Sacco ya wanamuziki na watunzi.

Fikiria hilo kidogo. Msanii akienda kuomba mkopo, kitu cha kwanza anaulizwa ni hati ya mshahara. Sisi hatuna mshahara. Tuna Desemba na tuna Januari. Desemba unakataa kazi kwa sababu ziko nyingi, Januari unaangalia simu kama mgonjwa anayesubiri daktari. Ndio maana msanii anaweza kupitisha mikononi pesa nyingi kwa mwaka kuliko karani wa ofisi, na bado karani anajenga yeye anapanga. Sacco haikuulizi hati ya mshahara kwanza. Kwa kawaida inaangalia umeweka akiba kiasi gani, na nani kati ya wenzako atakudhamini, halafu inaweza kukukopesha hata mara tatu ya akiba yako. Kwa watu wa kazi ya msimu kama sisi, hiyo ni dawa. Na mdhamini ni mtu anayekujua, atakuuliza: "Hiyo ploti umefanya sachi?" Mimi sikuwa na mtu wa kuniuliza. Nilikuwa na mashabiki tu, na shabiki hakuulizi, anakupongeza.

Kama umesahau msimu unavyoweza kukauka, kumbuka Machi 2020. Korona iliingia, mikusanyiko ikapigwa marufuku, kafyu ikafuata. Harusi zote nilizokuwa nazo kwa kalenda zilifutwa ndani ya wiki mbili. Mama ndiye alinilisha, kwa nyanya, mimi msee maarufu. Ungedhani nilijifunza hapo. Wapi! Kazi ziliporudi nikafikiri dawa ni kupata pesa ya haraka kabla hazijaisha tena. Ile ploti niliinunua kwa woga niliouvalisha suti ya ujasiri.

Kitu kingine nilichokuja kuona ni kwamba wasanii wanaosimama huwa wanarudisha pesa kwenye kazi wanayoijua kabla hawajaipeleka kwa isiyo yao. Sauti Sol walianza 2005, na 2019 wakazindua Sol Generation, lebo yao ya kusimamia wasanii wachanga kama Bensoul na Nviiri. Walikuwa wameshajua muziki unauzwa vipi, mkataba unasomwa vipi, nani hulipa na nani hazungushi tu. Ukikaribia nyumbani, kuna Crazy Kennar, aliyeanza vichekesho akiwa mwanafunzi wa JKUAT, hapo Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Video zilikuwa za bure, lakini alikuwa anajenga jina na timu, vitu ambavyo baadaye vinauza kazi nyingine. Sisemi kila mtu awe wao. Nasema angalia pale walipoanzia: pale ambapo tayari walikuwa na macho.

Mimi macho yangu yako kwa spika. Najua spika iliyochoka nikiisikia kutoka barabarani. Kwa hivyo baada ya ile hasara, pesa ya kwanza niliyokusanya nilinunua spika mbili za mkono wa pili na mashine ya kuchanganya sauti. Nilizipima siku nzima mbele ya muuzaji mpaka akachoka na mimi. Wikendi ambayo sina kazi, MC wengine wa Ruiru na Kahawa wanazikodisha. Si pesa ya kutangaza, lakini inaingia hata nikiwa nimelala na homa. Haijawahi kunikosesha usingizi.

Malipo ya shoo nayo siku hizi nayagawa kabla sijatoka uwanjani, nikiwa bado na jasho. Tuseme ni 20,000. Sita zinaenda Sacco. Tano zinaenda kwa deni, nitawaambia ni deni gani. Tatu naweka kando kwa vifaa na kodi, maana mjue pia sheria ya fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 inayokatwa juu ya malipo ya maudhui ya mtandaoni, kwa hivyo hata hizi video si pesa ya bure. Sita zilizobaki ndio za nyumba, chakula na nauli. Nikifika Kimbo, hizo nyingine zimeshaenda, siwezi kuzila hata nikitaka. Mwanzoni ilikuwa inauma. Sasa ni kama kukunja waya, ni sehemu ya kazi.

Sasa hilo deni.

Sheria hainidai. Mimi mwenyewe nilitapeliwa, risiti ninazo. Rafiki zangu waliniambia, "Buda, wewe pia ni mwathiriwa, wacha hiyo maneno." Kwa siku kadhaa niliikubali hiyo hoja, ilikuwa tamu. Halafu nikaenda Jamhuri kumsaidia mama kushusha kreti za nyanya, nikapita mbele ya yule mama wa viazi. Hakunitukana. Alinisalimia vizuri kabisa, akaniuliza kama nimekula. Ningependa angenitukana.

Nilikaa na mama jioni hiyo, nikamwambia nataka kuwarudishia. Alinyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, hao hawakununua ploti. Walinunua neno lako. Neno likiharibika, mwenye neno ndiye analitengeneza."

Basi nimekuwa nikilitengeneza. Ilikuwa 160,000 kwa wote wawili. Mama wa mitumba nilimmaliza mwaka jana. Mama wa viazi amebakisha 34,000. Nampelekea mwenyewe sokoni, simtumii kwa simu, kwa sababu nataka anione. Mara nyingine ananirudishia viazi kilo mbili, na siwezi kukataa.

Tangu hapo nimeletewa kazi za kutangaza ploti mara tatu. Nauliza jambo moja: "Nipeni namba ya hatimiliki nikafanye sachi kwanza." Wawili hawakupiga tena. Wa tatu alinipa namba, nikaenda, jina likalingana, hakukuwa na zuio. Hata hivyo kwenye video nilisema waziwazi kwamba nimelipwa, na kwamba kila mtu afanye sachi yake mwenyewe asitegemee yangu. Mwenye shamba hakufurahia sana hiyo sehemu, lakini aliiacha.

Kwa hivyo wewe MC mchanga, dansa, msee wa vichekesho unayeniandikia ukitaka siri: akili yako ya biashara tayari unayo, unaitumia kila Jumamosi asubuhi kabla wageni hawajafika. Usiiache pale. Jiunge na Sacco iliyo na leseni, hata kwa 500 kwa wiki. Nunua kitu unachojua kukipima. Na yule anayekuamini kwa sababu ulimchekesha, huyo usimpeleke mahali ambapo wewe mwenyewe hujaangalia.

Jumamosi niko Ruiru, harusi, shoo saa nne. Nitafika saa mbili. Jumapili nikitoka kanisani napita Jamhuri na 5,000, zibaki 29,000.

Kama umewahi kupoteza pesa kwa ploti huku kwetu, niandikie. Jina lako halitatoka. Nataka tu tuhesabu tuko wangapi.