Samivel, Mchoraji Aliyewacheka Wapanda Milima

Mtu aliyefunga mbao mbili ndefu miguuni, akasimama juu ya mteremko wa theluji, ni kichekesho hata kabla mchoraji hajachonga penseli yake. Akitaka kugeuka, mbao hupandana. Akitaka kusimama, mteremko hukataa. Akianguka, hujikuta mguu mmoja unaelekea mashariki na wa pili magharibi, nazo fimbo zake mbili zimekwisha kumtangulia bondeni. Mchezo huo huitwa skii, na kwa wakazi wa milima ya Alps, huko Ulaya, ni jambo la kila majira ya baridi.

Miongoni mwa wachoraji walioona kichekesho hicho, hapana shaka Mfaransa Samivel ni wa kukumbukwa. Jina lake halisi lilikuwa Paul Gayet-Tancrède. Alizaliwa Paris mwaka 1907, akakulia Chambéry katika nchi ya Savoie, mahali ambapo mtoto akifungua dirisha huona milima kabla ya kuona mtu. Jina la Samivel alilitoa katika kitabu cha Mwingereza Charles Dickens, ambamo mzee mmoja mwendesha gari la farasi humwita mwanawe Samuel kwa matamshi ya kwao. Kijana aliyejichagulia jina la namna hiyo alikwisha kuonyesha mapema kwamba hakukusudia kujitukuza.

Mwaka 1932 alitoa kitabu cha michoro juu ya raha za kupanda milima, akakiita kwa jina la ndege. Ndege hao ni jamii ya kunguru, weusi, wenye midomo ya manjano, ambao huishi kwenye magenge na huzoea kuokota makombo ya wasafiri. Basi wanadamu wote wa kitabu hicho wako chini ya macho ya ndege hao. Bwana mkubwa anayehema, kiongozi wa safari anayevuta kamba kwa subira, bibi aliyevaa kama aendaye karamuni, wote wanatazamwa na kiumbe ambaye angeweza kufika kileleni kwa kupiga mabawa mara chache tu. Samivel hakuhitaji kumtukana mtu. Alimweka ndege pembeni, akaacha msomaji ajionee.

Ustadi wake mkubwa, hata hivyo, ulikuwa katika kiasi. Binadamu aliwachora wadogo mno, na mlima aliuchora mkubwa, wenye mistari safi, usio na mzaha wowote. Theluji mara nyingi hakuichora kabisa: aliiacha karatasi yenyewe iwe nyeupe, akaongeza kivuli chepesi cha samawati pale jua lisipofika. Yeyote aliyewahi kushika penseli anajua jinsi ilivyo vigumu kuuacha mkono usifanye kazi. Ndiyo maana mtu huzitazama picha hizo akacheka, kisha akanyamaza kidogo. Mwenye kuchekwa ni majivuno ya mtu. Mlima wenyewe haukuguswa.

Tabia hiyo ilionekana pia alipochora hadithi za kale za Ufaransa za mbweha na mbwa mwitu. Mbweha wa huko hufanya kazi ile ile ambayo kwetu hufanywa na sungura: mdogo, mjanja, humpumbaza mwenye nguvu na ulafi.

Si vema kudhani kwamba skii ilianza kwa matajiri wenye wakati wa kupoteza. Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la Ufaransa lilifungua mafunzo ya skii katika mji wa Briançon, karibu na mpaka wa Italia, na wakufunzi wa kwanza walitoka Norway, ambako watu walikuwa wametembea kwa mbao hizo tangu zamani. Askari walipaswa kuilinda mipaka hata theluji ilipofunika njia. Kila aliyepita katika mafunzo ya kijeshi anaweza kujifikiria hali ya kuruti anayeamriwa kusimama sawasawa juu ya kitu kinachoteleza.

Hata Afrika imepata kuuona mchezo huo. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro wakiwa na mbao zao, wakateleza katika theluji ya Kibo. Leo wangetafuta sana mahali pa kutelezea: kati ya mwaka huo na 2007 eneo la barafu ya Kibo lilipungua kwa asilimia 85 hivi.

Huko Savoie mambo yalibadilika kwa namna nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vituo vya skii vilianza kujengwa juu kabisa, penye malisho ya ng'ombe. Courchevel ilianza mwaka 1946. Zikaja kamba za chuma zinazobeba watu, na hoteli, na barabara. Yule mtu mdogo wa kwenye michoro hakuwa mdogo tena. Hapo mchoraji alibadili sauti. Katika riwaya yake ya mwaka 1967, Le Fou d'Edenberg, aliwakosoa vikali wanaoigeuza milima kuwa soko. Hakuwa na cheo wala fedha za kushindana nao, ila watu walikuwa wamezoea kumsikiliza kwa kuwa alikwisha kuwachekesha.

Mwaka 1963 Ufaransa ilitenga mbuga yake ya kwanza ya taifa, Vanoise, katika Savoie hiyo hiyo, na Samivel ndiye aliyeandika maneno ya kuwausia wageni waingiao. Haikupita miaka sita kabla ya wafanya biashara kutaka kukata sehemu ya mbuga wajenge kituo cha skii. Ubishi ukawaka nchi nzima, mpaka mwaka 1971 mpango ule ukaachwa. Samivel alifariki Grenoble mwaka 1992. Mbuzi-mwitu wa Vanoise, ambao mbuga ilipoanza walikuwa makumi tu, sasa ni zaidi ya elfu moja. Wakati wa kiangazi huonekana wamelala juu ya mawe, wakiwatazama wapita njia kwa jicho lile lile la ndege wa mwaka 1932.